Niliandika Hayupo

Nilistaafu nikiwa msoma mita za maji, kazi niliyoifanya zaidi ya miaka thelathini katika mitaa ya Temeke, kwa hiyo nilipoteuliwa kwenye bodi ya wazee ya manispaa sikuwa na wasiwasi na jambo moja: kubisha hodi nilikuwa najua.

Bodi yenyewe haikuwa na makali. Jina lake lilikuwa refu, bodi ya ushauri kuhusu huduma za wazee, na kazi yetu ilikuwa kushauri tu. Walioamua walikuwa wengine. Tulikuwa wajumbe saba, wote tumevuka sitini, tukikutana kwenye chumba chenye feni mbili, moja inazunguka na moja imechoka. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mama aliyeweza kunyamazisha chumba kizima kwa kuvua miwani tu. Tulizungumzia dirisha la wazee hospitalini, ambalo lilikuwa na kibao kizuri lakini mara nyingi nyuma yake hapakuwa na mtu. Tulizungumzia ofisi za kata zenye ngazi ndefu na vitambulisho vya matibabu vinavyochelewa. Tuliandika barua, tukajibiwa kwamba barua zimepokelewa.

Mwaka wa pili mwenyekiti akasema hatuwezi kuendelea kuwasemea watu ambao hatujawaona. Tukapangwa wawili wawili, kila jozi na mitaa yake, twende kwa wazee wanaoishi peke yao tuwaulize wanahitaji nini. Tulipewa fomu. Juu kabisa ya fomu palikuwa na visanduku vitatu vya kuweka tiki: Amehojiwa, Amekataa, Hayupo.

Mwenzangu alikuwa Mhindi, Shia, mfanyabiashara aliyewaachia wanawe duka la vifaa vya ujenzi. Alizaliwa hapa hapa Dar es Salaam, na Kiswahili chake cha pwani kilinipita mbali mie niliyeshuka kutoka Njombe nikiwa kijana. Aliniita Bwana Mita. Sikio lake la kulia lilikuwa limepungua nguvu, basi kila tukitembea alijipanga upande wangu wa kulia bila kusema kwa nini. Nilimpenda. Alikuwa na subira ambayo mie sikuwa nayo: mzee akianza kusimulia habari za mwaka arobaini na saba alisikiliza mpaka mwisho, mie nikiwa nishafunika kalamu.

Siku ninayotaka kuisema ilikuwa Ijumaa, asubuhi, kama saa nne na nusu hivi. Tulikuwa Keko, kwenye ile barabara ya mafundi seremala, vitanda na makochi yamepangwa mpaka ukingoni mwa lami, vumbi la mbao likielea na harufu ya vanishi inakukaa kooni. Kwenye orodha yetu palikuwa na mama mmoja wa miaka sabini na kitu, aliyekuwa akiwashonea mafundi mito ya makochi mpaka macho yalipomkataa. Aliishi kwenye nyumba ndogo nyuma ya karakana. Ukuta wa chumba chake ndio huo huo mafundi walioegemeza mbao zao.

Tulimkuta fundi mwenye karakana akisukuma ubao kwenye mashine ya randa. Ilikuwa inalia mpaka meno yanauma. Akapunguza kidogo.

"Mama yupo?" nikamuuliza.

"Yupo, mzee wangu. Leo sijamwona, ila huwa hatoki. Piteni tu."

Tukazunguka nyuma. Mlango wa bati ulikuwa umefungwa kwa ndani, dirisha lina pazia la kanga. Nikabisha. "Hodi!"

"Karibu," sauti ya mama ikajibu kutoka ndani. "Nakuja."

Tukasimama. Nje palikuwa na beseni la bluu na kamba ya nguo yenye gauni moja tu. Mashine ikapanda tena huko mbele. Zilipita dakika tatu, labda nne. Nikabisha tena kwa nguvu, nikaita hodi mara mbili. Ndani akajibu tena, neno moja, na lile neno lilipita katikati ya mlio wa randa likanifikia kama nilivyolitarajia: nakuja.

Hakuja.

"Tumsubiri," mwenzangu akasema.

Nikatazama saa. Tulikuwa na nyumba nne bado, na mguu wangu ulikuwa unauma. "Utachelewa msikitini," nikamwambia.

"Adhuhuri bado, Bwana Mita."

"Mzee mwenzangu, hawa nawajua. Miaka yote nimesoma mita. Mtu hataki kukuona anasema nakuja, halafu anakaa kimya mpaka uchoke. Tutarudi wiki ijayo."

Nikaegemeza fomu ukutani, nikaweka tiki kwenye Hayupo. Mwenzangu alichungulia juu ya bega langu.

"Lakini yupo," akasema. "Amejibu."

"Hakuna kisanduku cha amejibu," nikasema, na nakumbuka nilicheka.

Tukaondoka. Nyumba iliyofuata tulipewa chai ya tangawizi, na mzee wa hapo alitaka tu asaidiwe kupata miwani. Nilirudi nyumbani nikala, nikalala mchana. Jumamosi nilikwenda kwenye mazoezi ya kwaya. Jumapili nilikwenda kanisani. Siku hizo mbili nimezipitia kichwani mara nyingi, saa kwa saa, nikitafuta mahali ambapo labda niliwaza habari za yule mama. Sipapati. Sikumwaza hata mara moja.

Jumanne tulikutana kukabidhi fomu. Mwenyekiti alikuwa anazipitia moja moja, akafika kwenye ya Keko, akatulia.

"Huyu mliandika hayupo," akasema. "Ofisi ya kata wamenipigia asubuhi. Amefariki jana. Mpwa wake alikuja kumtembelea Jumapili baada ya ibada, akakuta mlango umefungwa, wakauvunja. Alikuwa chini, kati ya kitanda na ukuta, nyonga imevunjika. Walimfikisha hospitali akiwa hai, lakini hakusema tena."

"Alianguka lini?" mwenzangu akauliza.

"Daktari alisema siku mbili, labda tatu. Kwa nini?"

Mwenzangu alinitazama mie. Nikainamia fomu zangu. Mwenyekiti akasema, kwa upole, kwamba basi jina litolewe kwenye orodha, na kwa kuwa orodha ilikuwa kwangu, nilichukua rula nikapiga mstari. Nikafunika kalamu. Hilo nalo limenisumbua baadaye, kwamba niliifunika kama siku yoyote.

Msibani tulikwenda wote wawili. Turubai lilikuwa limefungwa mbele ya karakana, viti vya plastiki vimepangwa pale ambapo siku zote husimama makochi. Mafundi walikuwa wamelichonga jeneza wenyewe tangu jana yake, na siku hiyo, kwa heshima yake, walizima mashine zote. Fundi mwenye karakana alituambia hajawahi kuizima randa siku ya kazi tangu aanze biashara.

Nilikaa ndani ya karakana, kiti cha ukutani, mgongo umegusa ule ukuta wa chumba chake. Na kwa kuwa mashine zilikuwa zimezimwa, nilianza kusikia mambo ya chumbani. Kina mama walikuwa ndani. Nilimsikia mmoja akikohoa. Nikasikia kijiko kikigonga kikombe. Mwingine akasema taratibu kabisa, kama mtu anayeongea na nafsi yake, "Hii kanga tumwekee au tumwachie mpwa wake huyu?" na kila herufi ilinifikia kana kwamba ameninong'oneza.

Nilishindwa kukaa. Niliinuka, nikaenda kusimama barabarani kwenye jua. Ingetosha kumwambia fundi, bwana, zima hiyo kitu dakika moja. Dakika moja tu. Tulimpita mara mbili siku ile, kwenda na kurudi.

Mwenzangu alinifuata. Alisimama kushoto kwangu, upande ambao hakuwa akisimama, kwa hiyo nikajua haji kunisikiliza, amekuja kusema.

"Bwana Mita, wewe mara ya pili ulisikia nini?"

"Nakuja. Kama mara ya kwanza."

"Mie sikio langu unalijua. Ndiyo maana sikusema kitu siku ile, niliona wewe mzima ndiye mwenye kusikia. Lakini mie nilisikia njooni."

"Unasema nini?"

"Njooni. Sina uhakika. Wallahi sina uhakika. Nimelala nalo tangu Ijumaa sijui nilipeleke wapi."

Nilimkasirikia. Nilimwambia maneno mabaya, kwamba amekaa nalo mpaka mtu amekufa ndiyo analileta. Akasikiliza yote. Kisha akasema, "Niliomba tusubiri. Na usinisingizie tena swala." Akarudi kukaa kwenye turubai. Alikuwa na haki.

Tangu siku hiyo lile neno halikuniacha. Sijui niseme lilikuwa kichwani au lilikuwa nje. Mke wangu akiwa chumbani nikamwita, akajibu nakuja, nilikuwa nimeshasimama na kufika mlangoni kabla hajamaliza. Mwanzoni alicheka. Baadaye akawa anatoka haraka bila kujibu, nayo ikawa mbaya zaidi, maana kimya kile nacho nilikijua. Nilikuwa nikinyoa ndevu, bomba la jirani likilia kwa kukosa maji, nasikia mtu ananiita ndani ya ule mlio. Nazima kila kitu, nasikiliza. Hakuna.

Asubuhi moja nilimwomba mke wangu jambo ambalo hata leo naona aibu kulisema. Nilimwomba aingie chumbani, afunge mlango, halafu mie nifungulie redio ya sebuleni mahali pasipo na stesheni, ile sauti ya mchanga, mpaka mwisho. Aseme nakuja au njooni, atakalo, nami niseme amesema lipi.

"Mume wangu, unanitia woga," alisema.

"Mara chache tu."

Alikubali. Nilisimama katikati ya sebule nimeinamisha kichwa. Nilisikia, nikapiga kelele, "Nakuja!" Nikasikia tena, "Njooni!" Tena, "Njooni!" Nilizima redio nikamfungulia mlango, nikamuuliza nimepatia mangapi.

Alikuwa amekaa kitandani, kitambaa kipo mdomoni. "Ya kwanza nilisema njooni," akasema. "Ya pili nilisema nakuja. Ya tatu sikusema kitu."

Alinishika mkono akaniketisha. Akaniambia niende nikaseme mahali panapotakiwa kusemwa, kwa sababu yeye hawezi kunisamehe kwa niaba ya mtu ambaye hakumjua.

Kwenye kikao kilichofuata nikaomba nafasi kabla ya ajenda. Nikasimulia yote: kwamba alijibu, kwamba nilisikia, kwamba mwenzangu alitaka tusubiri, kwamba niliweka tiki huku nacheka. Feni ile moja ilikuwa inazunguka. Mjumbe mmoja, bwana mwema, akasema kosa si langu, ni la fomu, haikuwa na mahali pa kuandika.

"Fomu haina masikio," nikamjibu.

Mwenyekiti akavua miwani. Nilitegemea anikaripie, ningefurahi. Badala yake aliuliza, "Kama ungejua amelala chini, ungefanya nini?"

"Ningevunja mlango."

"Na kama hujui?"

Hakungoja nimjibu. Alimgeukia katibu akamwambia aandike. Siku hiyo tulikaa mpaka saa nane tukiandika ushauri mfupi kuliko wote tuliowahi kutoa. Kwamba Hayupo haiandikwi mpaka jirani mmoja athibitishe alimwona mzee akitoka. Kwamba mzee akijibu na asitoke, watembeleaji hawaondoki. Wanamwita mjumbe wa shina, yule kiongozi wa nyumba kumi, kelele zinazimwa, na ikibidi mlango unafunguliwa mbele ya majirani. Kwamba kila mzee anayeishi peke yake achague jirani atakayekaa na ufunguo wa pili. Manispaa walikubali, safari hii bila kuchelewa. Fomu mpya zilikuja na kisanduku cha nne.

Mara ya kwanza kuitumia kanuni hiyo ilikuwa Yombo, kwa mzee mmoja mstaafu wa bandari. Tulibisha, akajibu sauti ya mbali, hakutoka. Tukamwita mjumbe wa shina, tukamwomba jirani azime muziki, tukaita tena, kimya. Nikatega sikio mlangoni. Mjumbe akasukuma mlango kwa bega, kitasa kikang'oka, tukaingia wote kwa mkupuo. Mzee akatokea uani amejifunga taulo, povu la sabuni limejaa kichwani na masikioni.

"Nyie ni wezi wa aina gani mnaokuja na mjumbe wa shina?" akafoka.

Alitutukana vizuri, kwa ufundi wa watu wa bandarini, na mie nilikaa kwenye kiti chake nikalia machozi mpaka akanyamaza, akamuuliza mwenzangu kama naumwa. Mwenzangu alikuwa amerudi kusimama kulia kwangu. Akamwambia, "Hapana, babu. Amefurahi kukuona." Tulirudi kesho yake na fundi wa kitasa.

Nilidhani baada ya hapo nitatulia, lakini ilibaki safari moja ambayo nilikuwa naikwepa.

Mpwa wa yule mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, anakaa Ukonga, nyumba ambayo ukisimama barazani unaliona geti la gereza. Nilikwenda Jumamosi. Alinipokea, "Shikamoo baba," akaniletea maji, akakaa. Alijua mie ni wa bodi. Alidhani nimeleta karatasi za kusaini. Nikamweleza. Nilijaribu kueleza bila kujipunguzia na bila kujiongezea, maana niligundua kujilaumu sana nako ni namna ya kumtaka mtu akufariji.

Aliposikia kwamba shangazi yake, kama alivyomwita, alijibu, aliweka glasi chini.

"Alijibu," akarudia.

"Alijibu."

Alitazama mikono yake. Halafu akasema, "Mie nilikuwa sijampigia simu tangu Jumatatu. Nilikuwa nasahihisha mitihani. Alhamisi simu yake iliita kwangu mara moja ikakatika. Nikasema nitampigia jioni." Sikumwambia si kosa lako. Mie ni nani wa kumwambia?

"Kwa nini hakusema ameanguka?" nikamuuliza baadaye. "Mara ile ya kwanza, kabla ya mashine kupanda. Nilimsikia vizuri. Alisema karibu, nakuja, kama mtu aliye jikoni anafuta mikono."

Hapo akatabasamu kidogo, na lile tabasamu lilinichoma kuliko kama angelia. "Mlikuwa wanaume wageni, baba. Shangazi hapokei mgeni wa kiume hajajifunga kanga mbili, moja kiunoni na moja kichwani. Nilimkuta ameivuta moja kutoka kitandani, imemfika hapa." Alionyesha mapajani. "Alikuwa anajifunga. Alidhani atainuka."

Ndipo nikamwambia habari ya neno la pili. Kwamba mie nilisikia nakuja na mwenzangu alisikia njooni, na kwamba nimejaribu kila njia na sijui. Nilimwona akilitamka bila sauti, midomo tu, moja, kisha lingine.

"Mie ningependa liwe nakuja," akasema.

"Na mie pia."

Alinitazama usoni akingoja niseme kwamba ndivyo ilivyokuwa. Ilikuwa rahisi sana kulisema. Lilifika mpaka kwenye meno. Nikamwambia, "Lakini sijui, mwanangu," naye akaitikia kwa kichwa, akachukua glasi yangu tupu akaipeleka ndani.

Alinisindikiza mpaka barabara kubwa. Kwenye geti la gereza watu walikuwa kwenye foleni na vyombo vya chakula, wanangoja kuruhusiwa kuona ndugu zao, na yeye aliwasalimia wawili watatu, wazazi wa wanafunzi wake. Tulipofika alinipa mkono, akaushika wangu muda kidogo zaidi ya kawaida, kisha akageuka akarudi kwake.